Gari la Kuvuta Tela la Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nikianza na habari za magari nitakasirika, na nikishakasirika sitalisema tena. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba kule Poli, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na mwalimu wa kwaya wa kanisa la Kilutheri. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi, na ng'ombe wake walimfuata bila kuchapwa. Lakini katika miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, kama ungemkuta mwanamume mzima amekaa juu ya jiwe kando ya barabara ya Moshi, kichwa amekishika kwa mikono miwili, ujue ni mimi, na ujue nimetoka naye kuangalia gari la kununua.

Mimi ndiye niliyehesabiwa mtaalamu. Nilijifunza kuendesha malori jeshini wakati wa vita, na niliporudi nikapata kazi katika gereji moja mjini Arusha, nikapanga chumba Kaloleni. Shemeji alishuka kutoka mlimani hadi kwenye chumba hicho, amevaa koti lake la kanisani, akakaa ukingoni mwa kitanda na kofia yake magotini.

"Dereva," akaniambia, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine, "nitafutie gari. Lisiwe jipya, jipya siliwezi. Liwe zima, familia iingie, na livute tela."

Nilifurahi sana. Nilidhani ni kazi ya mwezi mmoja.

Tela lenyewe alikuwa nalo tayari, na hapo ndipo watu walipoanza kumcheka. Setla mmoja wa upande wa Usa, chini ya Poli, alikuwa anarudi kwao Ulaya akauza vitu vyake, na kati ya vitu hivyo mlikuwa na ile nyumba ndogo ya bati juu ya magurudumu ambayo Wazungu walikuwa wakiivuta kwa gari wakienda kuwinda. Ndani yake mna kitanda, rafu, dirisha lenye pazia, na mlango nyuma. Wengine walinunua majembe na madebe. Shemeji akanunua nyumba hiyo, akakodi maksai wakaikokota kutoka barabarani hadi uwanjani kwake, wavulana wa kipaimara wakisukuma nyuma. Ikawekwa pembeni, karibu na migomba.

"Shemeji," nilimwambia nilipoiona, "watu hununua gari kwanza."

"Gari linapatikana," akajibu. "Nyumba ndiyo ngumu."

Sikumwelewa, na sikumwuliza. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka yote, yeye akisema nusu na mimi nikidhani nimesikia yote.

Sababu ya gari na tela alikuwa dada yangu. Alikuwa akikata majani ya ng'ombe kwenye ukingo wa mto, udongo ukateleza, akaanguka juu ya mawe. Mgongo uliumia vibaya. Hospitali walifanya waliloweza, lakini miguu haikurudi. Tangu hapo alilala kitandani karibu na dirisha, akifuma sweta, akitoa amri za jikoni kwa binti yake. Alitaka kitu kimoja tu kabla siku hazijaisha, zake au za mama: amwone mama yetu, aliyekuwa Machame, mzee, akipungua mwili kila nikienda kumsalimu.

Basi la abiria asingeweza kulipanda, maana hakuweza kukaa. Na mama kuja Poli ni jambo ambalo halikumpitia mtu akilini. Hakuwahi kupanda gari maishani, na hata angepanda, angelala wapi? Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, wala mkwe halali chini ya paa la mama mkwe. Wanaheshimiana kwa kukwepana. Mchungaji alishasema mara nyingi kwamba jambo hilo halimo kwenye Biblia. Watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani, wakaendelea kukwepana.

Kwa hiyo ilikuwa lazima Dada aende, na ili aende lazima gari lipatikane, na ili gari lipatikane lazima Shemeji aseme ndiyo. Hakusema ndiyo. Alichosema, kwa sauti ya upole kabisa, akiwa amelipapasa gari bonetini kama anayemuaga mgonjwa, ni "Zuri. Ila siyo hili." Nililisikia neno hilo mpaka nikaliota.

Alikuwa na njia zake za kuchagua. Kwanza alisikiliza. Aliomba injini iwashwe, iachwe ingurume yenyewe, akasimama pembeni amefumba macho huku akiimba kwa pua ile sauti aliyoisikia. Mtu wa kwaya. Gari moja zuri sana la mfanyabiashara wa Kaloleni alilikataa kwa sababu, alisema, linaimba sauti ya tatu na halijui wimbo. Mwenye gari aliniangalia mimi. Nikaangalia chini. Mimi nilikuwa nimeshapima mafuta, nimeshalala chini ya chesisi mavumbini, nimeshaona kwamba klachi ni nzima na rejeta haivuji, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichotaka kukisikia.

Pili alitaka kujua gari limetoka nyumba gani. Ng'ombe hanunuliwi hivihivi huku kwetu. Unafika nyumbani kwa mwenyewe, unakaa, unaonja anachokupa, unaona kama watu wa nyumba ile wanaongea vizuri, ndipo unaomba kumwona mnyama. Shemeji aliamua kwamba gari nalo ni hivyohivyo. Kwa Mchaga mwenzangu au kwa Mmeru mwenzake mambo yalikwenda, ingawa yalichukua Jumamosi nzima. Lakini nenda kafanye hivyo kwa setla.

Tulikwenda kwa mmoja huko Olasiti. Alikuwa na gari lenye bodi ndefu ya mbao nyuma, springi imara, na kulabu ya kukokotea imeshachomelewa tayari. Niliona gari lile nikasema moyoni, leo Dada anakwenda. Mzungu alisimama barazani, mikono kiunoni. Shemeji akavua kofia, akamsalimu, akauliza hali ya mke wake. Kisha akauliza hali ya watoto. Kisha akauliza kama shamba limepata mvua. Yule bwana alikuwa anazidi kuwa mwekundu.

"Wewe nataka motokaa ama hapana?"

"Nataka, bwana. Mama yuko ndani? Ningependa kumsalimu."

"Memsahib nakwenda! Nakwenda Ulaya! Hapana rudi!"

Shemeji akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Akampa pole. Nilijua tumekwisha. Alivaa kofia, akamshukuru, akageuka. Tulipofika njiani akaniambia kwamba gari lililomchukua mke akaenda asirudi, yeye hampandishi humo mkewe. Nilimwambia kuwa mke wa Mzungu aliondoka kwa ndege. Alisema kwamba uwanja wa ndege alifikishwa na gari. Ndipo nikakaa juu ya jiwe, kichwa mikononi.

La tatu lilikuwa beseni. Hili ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake, na bado lilikuwa la kipumbavu. Gari likishapita mtihani wa sauti na mtihani wa nyumba, alilileta Poli, tukalifunga kwenye tela, naye akaweka beseni la maziwa juu ya kitanda cha telani, palepale Dada angelala. Yalijaa karibu na ukingo. Kisha niendeshe kushuka hadi barabara kubwa na kupanda tena, na tukirudi anafungua mlango na kuangalia. Nilimwuliza kwa nini asitumie maji, maana binti yake alikuwa anayatazama maziwa yale kwa uchungu. Akasema maji yakikauka yanaficha, maziwa yanaacha alama kwenye blanketi.

Yalimwagika. Yatakosaje kumwagika? Kila dereva anajua kwamba tela hurusha kuliko gari. Halina mtu wa kulitetea. Shimo ambalo gari limelipita kwa adabu, tela linalirukia. Nilimweleza nikiwa bado nimeshika usukani.

"Shemeji, achana na tela. Tununue gari lenye nafasi nyuma, tutandike godoro mle, Dada alale, mimi niendeshe polepole. Asubuhi tunaondoka, mchana tuko kwa mama."

"Na usiku?"

"Usiku analala kwa mama yake! Si ndiko tunakokwenda?"

"Haya," akasema. "Tutafute linalovuta tela."

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa kusitasita katika mambo yote. Hiyo ndiyo sehemu isiyoingia akilini. Fahali wake mkubwa alimnunua njiani, anatoka kanisani, bila hata kumgusa pembe. Binti yake mkubwa alipochumbiwa alikubali kabla chai haijapoa, na ndoa ile imesimama vizuri mpaka leo. Mgeni aliyepita akiomba mahali pa kulima maharage alipewa kipande cha shamba, na jina lake Shemeji alilijua wakati wa kuvuna. Kwenye kwaya, akimsikia mtu mpya mara moja tu, alimwambia, "Kaa pale," na mtu huyo akakaa pale maisha yake yote. Ni kwenye gari tu ndipo alipogeuka jiwe.

Wala hakuwa mwoga. Nilimwona akimwambia bwana shamba wa serikali, mbele ya watu, kwamba kahawa yake haitakatwa kwa amri ya mtu ambaye hajawahi kuipalilia. Lakini alimwogopa mama yetu kwa heshima isiyo na mfano. Siku moja, enzi mama bado ana nguvu za kutembea hadi Moshi, tulikuwa mjini humo, Shemeji akamwona kwa mbali anapita na kapu la ndizi. Mwalimu wa kwaya, na koti lake la kanisani, akaruka ndani ya duka la Mhindi na kujificha nyuma ya majora ya vitambaa. Mhindi akadhani ni mwizi. Mimi ndiye niliyebaki kueleza.

Nyumbani Dada alikuwa akituuliza jambo moja kila tukirudi: "Mmepata?" Hakuuliza kwa lawama. Nilikuwa natamani aulize kwa lawama. Sweta aliyokuwa akiifuma ilikuwa ya mama, ya sufu ya rangi ya kahawia, na aliimaliza mwaka wa kwanza wa kutafuta gari. Kisha mimi, mpumbavu, nikatoka Machame nikamwambia kwamba mama amekonda. Akaifumua, akaifuma upya ndogo zaidi. Baada ya muda nikasema tena kwamba amekonda. Akaifumua tena. Nilipoona hivyo nikaacha kusema ukweli, nikawa nasema mama hajambo, ni vilevile.

Gari la mwisho lilikuwa pikapu ya mzee mmoja wa Kilimanjaro mwenye duka Kaloleni. Iliimba vizuri. Nyumba yake ilikuwa na amani, tulikunywa pombe ya mbege pale mpaka Shemeji akacheka. Tukaifunga kwenye tela. Nikashuka Poli kwa gia ndogo kama niliyebeba mayai, jasho linanitoka, nikaenda na kurudi. Akafungua mlango. Beseni lilikuwa na maziwa yake karibu yote. Tone tu lilikuwa limetua kwenye blanketi, dogo kama kucha. Nilikuwa nimeshaanza kucheka kwa furaha. Shemeji aliligusa tone lile kwa kidole, akalitazama, akafunga mlango taratibu.

"Zuri," akasema. "Ila siyo hili."

Nilipiga kelele. Nilimwambia kwamba hataki mke wake aende. Nilimwambia mama atakufa yeye akiwa bado anaimba na mainjini. Nilitupa ufunguo kwenye kahawa, tukautafuta baadaye wote wawili tumeinama, bila kusemeshana. Dada aliniita dirishani.

"Usimgombeze mume wangu," akasema. "Hujui anachokifikiria."

"Basi aseme!"

"Hawezi kukuambia wewe." Akarudia kufuma. Nikashuka zangu mjini, na masika yote sikupanda mlima.

Aliyelimaliza jambo hili ni mama. Nilikuwa chini ya gari gerejini nikasikia kwa Kichaga sauti inauliza niko wapi. Nikatoka. Mama yangu alikuwa ameketi mbele ya lori la ndizi lililotoka Machame, kando ya dereva, kitenge kichwani, mkungu wa ndizi miguuni, uso umepauka kwa vumbi na hofu.

"Nimechoka kungoja gari lenu," akasema. "Nishushe. Nipeleke kwa mwanangu."

Niliazima pikapu ya tajiri wangu nikampandisha Poli. Njiani alishika mlango kwa mikono miwili. Tulipoingia uwanjani Shemeji alikuwa anapogoa kahawa. Aliinua macho, akaona ni nani, akazama kati ya mibuni. Niliona kofia yake tu ikienda mbio juu ya majani.

Mama hakucheka. Ndiyo heshima aliyoitegemea. Akashuka, akasimama katikati ya uwanja na mkungu wake wa ndizi, na hapo tukakwama. Dada yuko ndani, kwenye chumba cha mkwe. Mama hawezi kuingia chumba hicho, na giza likiingia hawezi kulala nyumba hiyo. Nilianza kufikiria ni jirani gani wa kumwomba. Mama alikuwa akilitazama tela.

"Hii ni nyumba ya nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Dada akajibu kutoka dirishani. "Ni yangu, mama. Alininunulia mimi. Panda."

Basi ikawa hivi. Binti akaenda kunong'ona kwenye kahawa. Mama akageuka, akauelekezea uso mlima, akasimama wima amewapa mgongo. Shemeji akatoka, akaingia ndani, akatoka na Dada mikononi, akapita nyuma ya mama karibu kabisa, bila neno, akamlaza kwenye kitanda cha telani, akarudi kwenye kahawa. Ndipo mama akageuka na kupanda. Alishika miguu ya mwanawe kwanza, ile isiyosikia kitu, akaipapasa kama ya mtoto mchanga. Nililia, na sioni haya kusema.

Sweta ilimtosha. Ilikuwa inampwaya kidogo, kwa sababu ya uongo wangu kwamba ni vilevile, lakini alikataa ifumuliwe.

Nilirudi na pikapu ileile baada ya siku kadhaa. Shemeji alinivuta kando, tukakaa kwenye gogo nyuma ya zizi, ambapo telani hatuonekani. Alikuwa amechoka na amependeza, kama mtu aliyetoka kwenye homa.

"Dada yako hawezi kulala upande mmoja usiku kucha," akasema, akitazama ardhi. "Ngozi inachubuka. Lazima ageuzwe, na kusafishwa. Mimi ndiye ninayemgeuza, tangu alipoanguka. Hakubali mwingine, hata binti."

Nikageuza uso kuelekea zizi.

"Sasa kule kwenu ningelala wapi? Kwa jirani. Na usiku yeye akiwa chini ya paa la mama mkwe, mimi ningeingiaje? Ndiyo nikamnunulia yeye paa lake, twende nalo. Lisimame uwanjani kwa mama, lakini lisiwe la mama."

Niliona kila kitu kwa pamoja, tangu maksai hadi lile swali lake, "Na usiku?" Na badala ya kumhurumia nilikasirika upya, tena zaidi. "Shemeji! Ungeniambia tungejenga kibanda kule! Siku mbili tu! Miaka yote hii!"

"Nikuambie wewe?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ni ndugu yake wa tumbo moja. Nikuambie namna ninavyomwosha dada yako?"

Mimi nisingemwuliza na yeye asingeniambia, na kati ya adabu yake na yangu magari mazuri yaliuzwa kwa watu wengine. Na lile tela, ambalo kumbe mama angeweza kulala ndani yake tangu siku lilipofika, lilisimama karibu na migomba limefungwa, kuku wakitaga chini yake. Hasira hiyo sijui niipeleke kwa nani.

"Sasa mama ndiye anayemgeuza," akasema Shemeji. "Mimi nalala usiku kucha. Sijazoea." Kisha akasimama, akajifuta mikono. "Amemtuma binti aniambie kwamba akimgeuza, nyumba inayumba. Umekuja na jeki?"

Nilikuwa nayo garini. Dada akahamishwa kivulini, mama akaenda jikoni kwa hiari yake ili njia iwe wazi. Tukanyanyua tela upande mmoja, kisha wa pili. Nikalegeza nati, nikayatoa magurudumu, na chini yake tukapanga mawe ya mto na magogo ya mkuyu mpaka likakaa. Nilidhani tumemaliza. Shemeji akaenda zizini, akarudi na beseni la maziwa limejaa karibu na ukingo, akaliweka kitandani, akatoka, akafunga mlango.

"Sukuma, Dereva," akaniambia.

Nikaweka bega nikasukuma kwa nguvu zangu zote, na kwa miaka yangu yote ya Jumamosi zile. Akafungua mlango, akapapasa blanketi kila upande. Lilikuwa kavu. Akasimama pale mlangoni muda mrefu, kofia mkononi, akitazama maziwa yaliyotulia.

"Ndiyo hili," akasema.